Jeneba na Panya wa Kuchoma

Kila baada ya mavuno ya mpunga, watoto wa kijiji cha Bandawo waliingia shambani na fimbo kuwinda panya. Jeneba, msichana wa miaka kumi na miwili, aliwashinda hata wavulana. Mama yake alikuwa amemkataza. "Panya haingii kwenye chungu changu!" Basi mwaka huo Jeneba aliwachoma panya wake hukohuko shambani, akala na mdogo wake, Momoh.

Siku kumi baadaye Momoh akashikwa na homa. Homa ilipofika siku ya tatu, mama alimbeba hadi zahanati, Jeneba akifuata. Muuguzi, Sista Bintu, alimtoboa Momoh kidole, akapima damu.

"Malaria hana," alisema. "Ninacho kipimo cha haraka cha homa ya Lassa, ile ya panya. Lakini kimebaki kimoja tu mpaka gari la dawa lije Ijumaa. Mtoto amegusa panya?"

"Kwangu mimi? Astaghafirullahi!" mama akaruka. "Sista, mimi nafunika hata maji!"

Jeneba alimtazama Momoh, yeye ambaye hanyamazi hata akiwa anakula. Sasa alilala kimya begani kwa mama. Akisema, atachapwa. Asiposema, je?

"Nilimlisha mimi," alisema. "Panya wawili."

"Wawili!"

"Mmoja alikuwa mdogo, mama."

Sista Bintu aliuma midomo asicheke. Alivaa glavu, akadondosha tone la damu kwenye kile kipimo, kijisanduku cha ukubwa wa kiganja. Mama alivuta tasbihi. Baada ya robo saa taa nyekundu ikawaka.

"Ni Lassa, lakini tumeiwahi," alisema Sista.

Kabla ya jua kuzama, Momoh alikuwa hospitalini Kenema, ametundikiwa dawa. Jeneba na mama walipimwa joto kila asubuhi kwa siku ishirini na moja, kuona kama nao wameambukizwa. Mungu aliwalinda, hawakuugua.

Momoh alirudi amekonda, mdomo ukiwa uleule. "Nimepanda gari la king'ora! Nyie hamjapanda!" aliwatambia wenzake.

Sista Bintu alipokuja kumwangalia, aliwaita watoto wote.

"Kile kijisanduku kinaona ugonjwa ndani ya tone la damu," alisema, "lakini ningekiacha kabatini kama Jeneba asingefungua mdomo. Panya waacheni kabisa. Na ukikosea, mwambie muuguzi ukweli siku hiyohiyo. Sisi hatuchapi mtu, tunatibu."

Mama akamvuta Jeneba karibu. "Na mimi simchapi," alisema. "Amenirudishia mwanangu."