Maji Moto Kutoka Laare

Tak. Sauti ndogo, kama ukucha ukigonga kikombe, ilitoka ukutani karibu na bafu. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri, na mtaa wa Majimbo mjini Embu ulikuwa bado kimya. Wawira alikuwa macho tayari. Alijua kwamba maji yake yameanza kupata moto, na kwamba aliyeyawasha, Kaberia, yuko Laare, mbali huko Nyambene, Meru, simu mkononi.

"Kama hunitaki, ya nini kuniogesha?" aliuuliza ukuta.

Siku kumi na tisa Kaberia hakuwa amempigia. Alituma ujumbe mmoja tu: "Nimeelewa. Mungu akubariki." Wawira hakujua kaelewa nini, na kiburi kikamzuia kuuliza. Tangu hapo hakutulia. Aliketi akainuka, akafagia palipofagiwa, akamimina chai akaisahau.

Walikutana mwaka uliotangulia katika duka la vifaa vya umeme, siku ya soko, watu wamebanana hadi mlangoni. Wawira ni muuguzi. Alikuwa na sare yake nyeupe na sweta ya samawati, ameshika hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Mkono wa mtu ukaja ukaichukua.

"Dada, hii itakuua."

"Na baridi je, haiui?"

"Baridi ina dawa. Mimi ni fundi." Alivaa koti la jinzi, mifuko imejaa bisibisi, na akicheka alionyesha mwanya wa kupendeza.

"Fundi gani huyu wa kunyang'anya watu vitu?"

"Bora nikunyang'anye leo, kesho nikuone ukiwa hai."

Kesho yake alimfungia tangi la maji moto, na swichi zinazoongozwa kwa simu: ya tangi, ya taa ya sebuleni na ya taa ya nje. Kazi yake kubwa ilikuwa Laare, kuwafungia wafanyabiashara wa miraa malango ya rimoti. Lakini Wawira alipomtumia ratiba yake ya zamu, kila siku ya kazi Kaberia aliamka kabla ya jogoo, akawasha maji, kisha akapiga simu. "Amka, malkia. Maji yako tayari. Mwenye baridi ni mimi huku."

Sasa maji yalikuja bila sauti yake.

"Ameitegea saa tu hiyo mashine," Jedidah, muuguzi mwenzake, alimwambia asubuhi hiyo kazini. "Mtu alishaenda, wewe unaogeshwa na saa!"

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yaliwezekana. Mchana homa ikamshika. Jedidah yule yule akamfunga leso yake mabegani, akamshikia zamu, akamrudisha nyumbani. Nje mawingu yalikuwa mazito. Wawira akawasha taa ya sebuleni, akajitupa kitini. Dakika haikuisha.

Tak.

Saa haijui mtu akiugua. Akachukua simu, akampigia.

"Unanichunguza, Kaberia?"

Kwa mbali zilisikika pikipiki na kelele za wanunuzi wa miraa. "Taa ya sebuleni imewaka saa za zamu," alisema polepole. "Nikajua kuna jambo. Unaumwa?"

"Naumwa na wewe! Kwani ulielewa nini?"

"Aki Wawira, usinifanye niseme. Baba yako alirudisha mzigo."

"Mzigo gani?"

Ndipo yakatoka. Muthamia, mjomba wake Kaberia, alikuwa amefika Kiritiri nyumbani kwa baba yake Wawira na bunda la miraa lililofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Kwao Meru bunda hilo huomba mchumba lenyewe, bila maneno mengi. Mzee Ngari alilipokea, akashukuru, kisha akampa mgeni chakula na kumrudishia bunda lake.

Wawira alicheka mpaka akakohoa. "Baba ni mzee wa kanisa, hatafuni miraa! Alimrudishia ili asipate hasara. Huo ulikuwa wema!"

"Kwetu, ukirudishiwa umekataliwa."

"Na mbona uliendelea kuniwashia maji?"

"Wewe ulikataa kuolewa. Hukukataa kuoga."

Wawira akafuta macho kwa leso ya Jedidah. "Jumamosi uje Kiritiri. Uje mwenyewe."

Jumamosi Kaberia alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa, viatu vyekundu kwa vumbi. Mzee Ngari alimkaribisha kiti chenye kivuli, yeye akakaa juani. Wawira, katika gauni lake la manjano, alizunguka jikoni akihamisha sufuria zisizo na kosa.

"Ndiwe unayemwashia binti yangu maji kutoka Meru?"

"Ndimi, baba."

"Na taa zake unaziona?"

"Naziona."

"Basi siku mkikosana, utamzimia?"

Wawira alisimama mlangoni. Swali hilo hata yeye alikuwa akilibeba. Kaberia hakujitetea. Alitoa simu, akaifungua, akampa Wawira kwa mikono miwili.

"Bonyeza hapo. Swichi zote zinakuwa zako peke yako. Mimi sitaona chochote wala kuwasha chochote, mpaka unikaribishe."

Wawira akabonyeza. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akamrudishia ruhusa ya tangi tu. "Taa zangu nitakuambia mwenyewe," alisema. "Kila siku. Kwa mdomo."

"Hata zikiwa zimezimwa?"

"Hasa zikizimwa, fundi wangu."

"Mko mbele ya mzee!" alisema Ngari, lakini meno yalimtoka. Akamjazia Kaberia kikombe, akamsogezea viazi vilivyo laini zaidi. Jua lilipoanza kupoa alimsindikiza hadi barabarani, akamshika mkono asiuachie.

"Mwambie Muthamia anisamehe, sikujua desturi yenu. Jumamosi ijayo uje tena, mwanangu. Uje naye, na safari hii aseme, tusikie."