Makopa Meupe

"Hivi, Mama Taaka, muhogo huu unaula au unaulea?"

Swali hilo Nereah alimwuliza jirani yake Loy asubuhi moja, akiwa amesimama kijiani na mtungi wa maji kichwani. Loy alikuwa amepiga magoti uani, akilifunika lundo la muhogo kwa majani ya migomba, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto mwenye homa. Alicheka, akajibu kwamba anafanya yote mawili, kwanza kuulea, kisha kuula. Binti yake Taaka, wa miaka kumi na miwili, alicheka pia. Lakini moyoni aliona kwamba jirani amesema kweli, maana kazi ile ilikuwa haina mwisho.

Kwao Lunyo, upande wa Uganda, watu walipanda muhogo mchungu. Nguruwe mwitu hawakuugusa, wala ukame haukuutisha. Ila ulikuwa na sumu, na sumu hiyo haikutoka bila jasho. Kila siku baada ya shule Taaka alimenya, akakata vipande, akamsaidia mama kuvivundika chini ya majani mpaka viote ukungu mweusi. Kisha waliukwangua ule ukungu kwa kisu na kuvianika juu ya mwamba. Vikikauka viliitwa makopa. Makopa yalitwangwa, yakasagwa pamoja na wimbi, na hapo ndipo watu walipopata ugali.

Huo ulikuwa mwaka 1965. Upande wa Kenya mvua ilikuwa imekataa, na mahindi yakaadimika. Watu walivuka mpaka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa malori kuja kutafuta chakula soko la Busia, na bei zikapanda kama moshi. Debe la mahindi likawa la matajiri. Sukari ikawa kitu cha Krismasi, na hata chumvi watu walianza kuinunua kwa kijiko. Maloba, baba yake Taaka, alifanya kazi ya kibarua Tororo. Mwisho wa mwezi alipokuja nyumbani alisema mshahara wake ni uleule, bali duka ndilo limehama.

Ndipo Luke, mdogo wake Taaka, aliposhikwa na malaria. Loy akamfunga mgongoni ili ampeleke Masafu kwa matibabu. Kabla ya kuondoka alisali, kisha akamwachia Taaka nyumba na lundo la muhogo. "Usiufunue mpaka uote manyoya kama paka," alimwambia. Akamwomba Nereah amlaze Taaka kwake mpaka atakaporudi.

Nereah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapa kazi, mcheshi, mwenye watoto wengi na mume asiyerudi. Lakini tangu bei zipande aliacha kuvundika. Alimenya leo, akaanika leo, na makopa yake yakakauka meupe kama chaki. Sokoni yalinunuliwa upesi kuliko ya mtu yeyote. Alimweleza Taaka kwamba watu wa ng'ambo ya mpaka wanapenda kitu cheupe, kwamba ukungu unawafukuza wateja, na kwamba jua la Mungu linaua kila kitu. Akamwambia pia kwamba mgonjwa akirudi atahitaji sukari kwenye uji wake.

Neno hilo la sukari lilimchoma Taaka. Alimkumbuka Luke jinsi alivyobebwa, shingo imelegea. Basi ingawa muhogo ulikuwa umelala chini ya majani usiku mmoja tu, aliufunua, akauanika wote juu ya mwamba. Baada ya siku tatu za jua kali ukawa mweupe, wa kupendeza. Alijiona mjanja, na alifurahi kufikiria uso wa mama atakapoikuta sukari.

Jioni ya kuamkia siku ya soko Nereah alipika ugali wa wimbi. Taaka aliuliza kwa nini hawakupika makopa, na magunia yamejaa mlangoni.

"Haya si ya kula, mwanangu," Nereah alisema huku akimmegea tonge mtoto wake mdogo. "Haya ni ya kuuza."

Watoto wakacheka, Taaka naye akacheka nao. Lakini usingizi ulichelewa kumjia.

Asubuhi walitandika magunia yao sokoni, Nereah huku, Taaka pale. Haukupita muda. Alikuja mama mmoja mwembamba, vumbi mpaka magotini, na mtoto mgongoni aliyekuwa akinyonya ncha ya kanga. Aliinama, akachukua kipande cha Taaka, akakigeuza kwa heshima kama kitu cha kanisani.

"Mwanangu, hiki kinapikwaje?" aliuliza. "Sisi kwetu Kakamega ni mahindi tu. Nataka nikitwange leo hii, huyu apate uji jioni. Tangu jana hajapata kitu."

Taaka alimtazama mtoto. Mtoto naye alimtazama, akaacha kunyonya kanga. Yale maneno ya Nereah yakamrudia masikioni: si ya kula, ni ya kuuza. Yule mama hakujua muhogo. Hakujua hata swali la kuuliza. Angepika alichouziwa.

"Mpimie mama wa watu," Nereah alisema kutoka kwenye gunia lake. "Mteja hasubirishwi."

Taaka alisimama.

"Mama, usinunue haya. Ni muhogo mchungu, na mimi sikuuvundika. Nilifanya haraka. Bado una sumu, utamwumiza mtoto."

Watu wa karibu waligeuka. Nereah alicheka kwa nguvu, akasema mtoto huyu vitabu vimempanda kichwani, tangu lini mwuzaji akatukana mali yake mwenyewe. Lakini mzee Emojong, mfanyabiashara kutoka Kiyeyi aliyekula muhogo maisha yake yote, aliokota kipande cha Taaka, akauma, akatema. Kisha bila kuambiwa akaokota kipande cha Nereah, akauma, akatema pia. Akafuta midomo. Waliokuwa wamepanga foleni kwa Nereah wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja.

Yule mama alibaki amesimama, hajui pa kwenda. Taaka akamshika mkono, akampeleka kwa bibi mmoja mwisho wa safu aliyekuwa na makopa meusimeusi, yamekwanguliwa. Mama alirudi nyuma kidogo alipoyaona.

"Haya meusi ndiyo chakula," Taaka alimwambia. "Yatwange, chekecha, changanya na unga wa wimbi. Mtoto atakula na kulala."

Mama alinunua. Alipoondoka alimwekea Taaka mkono kichwani kama mtu anayebariki.

Taaka alirudi nyumbani na mzigo wake wote kichwani, bila sukari wala chumvi. Alimkuta mama amefika, na Luke ameketi mkekani, macho yameng'aa, anaomba uji. Kabla hajamaliza kumshukuru Mungu, Nereah aliingia nyuma yake kama upepo.

Alitaka Taaka achapwe. Alisema mtoto amemharibia jina mbele ya soko zima, amemfukuzia wateja, na watoto wake wavae nini, wasome na nini. Loy alimkaribisha kigodani, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia binti yake amweleze. Taaka alieleza yote bila kujipendelea. Alisema ni yeye aliyefunua lundo, hakuna aliyemshika mkono, na alitaka sukari ya Luke.

Loy hakuinua fimbo. Alimvuta Taaka akaketi karibu naye.

"Kufunua umekosea, na kesho utavundika upya peke yako," alisema. "Lakini hapo sokoni, mwanangu, umenipa kitu ambacho sukari haiwezi kununua. Mwenye njaa hachagui. Ndiyo maana anayemwuzia lazima amchagulie, tena amchagulie kile ambacho angempa mtoto wake mwenyewe. Bei zitapanda, zitashuka, Mungu anajua. Tusiache dhamiri zetu zipande na kushuka nazo."

Akamgeukia Nereah, na sauti yake ikawa ya jirani tena.

"Dada, mimi sikucheki. Najua nyumba yako ina midomo mingapi. Makopa yako hayajaharibika. Yaloweke, uyafunike mpaka yaote ukungu, na soko lijalo utauza chakula kamili. Mimi na Taaka tutakusaidia kukwangua. Na watu watarudi kwako, maana watajua kwamba hapa kwetu kitu kikiuzwa kinalika."

Nereah aliinamisha kichwa. Alimtazama Luke, aliyekuwa anapuliza uji wake. Alimtazama Taaka kwa muda mrefu, na ule ukali ukamtoka usoni kidogo kidogo. Kisha akainuka, akalichukua panga la Loy lililokuwa limeegemezwa mlangoni, akatoka kuelekea migombani kukata majani ya kufunikia.