Wimbo wa Kumi na Saba

Nives alikuwa akichagua mboga sokoni Padova, katikati ya zogo la Jumamosi, pale mfuko mgumu wenye tumbo la boga ulipomgonga kiunoni. Radikio, zile mboga nyekundu chungu alizochagua, zikatawanyika.

"Samahani, dada. Mke wangu huyu hana adabu."

Mwanamume alivaa koti la mahameli lililochakaa viwiko. Kidole chake cha pete kilipinda, hakikunyooka. Mkewe alikuwa luti, ala ya kale ya nyuzi inayofanana na gitaa, ndani ya mfuko ule.

"Anaitwaje huyo mke?"

"Hana jina. Nyimbo zake nyingi pia hazina."

Nives akacheka. Chuoni kazi yake ndiyo hiyo: kutafuta watunzi wa nyimbo za luti za miaka mia tano nyuma. Alisoma tarakimu zinazoonyesha vidole vibonyeze wapi, akamjua mtunzi kwa mkono wake.

"Kumbe wewe polisi wa marehemu," alisema yule mwanamume, Zeno, alipoelezwa kazi hiyo.

Kufikia Noeli, Zeno alikuwa akimpigia simu mara tatu kwa siku, na ndiye aliyemnakilia vitabu vya zamani vya nyimbo vya parokia. Majira ya kuchipua, Nives alisimama mbele ya wataalamu, gauni la kijani, sauti thabiti. Wimbo wa kumi na saba katika nakala zile, alitangaza, ni wa mtunzi wa kale, Bwana Bortolo wa Vicenza. Ukumbi ukapiga makofi. Zeno akatoka.

"Mpenzi, mbona umeondoka?" Nives aliuliza kwenye simu.

"Ule wimbo ni wangu. Nilikutungia, nikauchomeka kwenye nakala. Nilingoja uniambie, 'We mjinga, huu mkono wako.'"

"Ukaniacha niaibike mbele ya ukumbi mzima?"

"Sikujua utausoma leo. Bortolo hujawahi hata kumwona, Nives. Mimi umenishika mkono kila siku."

Simu ikakatika.

Asubuhi Nives aliufungua ukurasa ule. Hapakuwa na mahali hata pamoja palipohitaji kidole cha pete. Akaandika barua ya kukanusha, kisha akakimbilia stesheni, kwani usiku ule Zeno alimwandikia kwamba amekubali kazi Basel, Uswisi, na ataondoka asubuhi hiyo.

"Kidole cha pete," alisema akihema. "Hukukitumia kabisa."

Zeno akatabasamu, macho yamelowa. "Umekiona baada ya kuambiwa, mpenzi wangu."

"Basi nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila nitakaaje na mtu niliyelazimika kumwambia mimi ni nani?"

Akambusu kwenye paji la uso, akapanda treni.

Ofisini Nives alifuta jina la Bortolo kwenye orodha, akaandika: Zeno Bressan. Safu ya mwisho ilitaka mwaka wa kufariki. Watunzi wengine wote walikuwa nao. Hapo akaacha wazi, akalia.