Chumba Kisicho na Mtu

Siku ya tatu ya matanga, saa kumi alasiri, Pafu la nyumba ya marehemu Mzee Tweve lilikuwa likifanya kazi kuliko siku yoyote tangu lifungwe. Nje, ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umelalia mapaa ya jiji la Kitulo, na kipimajoto cha mtaani kilisoma nyuzi tatu. Ndani, waombolezaji thelathini na wanne walikaa mikekani bila makoti.

Pafu lilikuwa sanduku jeupe, kubwa kama kabati la vyombo, lililofungwa ukutani kwenye korido. Kuni na mkaa zilipopigwa marufuku majumbani, nyumba nyingi za jiji lile zilizibwa kila ufa ili joto lisipotee, na nyumba iliyozibwa ni lazima ipewe njia ya kupumua. Pafu lilivuta hewa iliyotumika kutoka vyumbani na hewa safi kutoka nje, likazipitisha mgongo kwa mgongo katikati ya mamia ya mabati membamba. Hewa zenyewe hazikugusana. Joto peke yake ndilo lililohama, kutoka kwa hewa inayotoka kwenda kwa ile inayoingia.

"Kwa hiyo," alisema Shangazi Naomi, dada wa marehemu, akiwa ameegemea ukuta wa korido na kikombe cha chai mkononi, "hili joto ninalolisikia mgongoni ni pumzi za yule Mahenge wa sebuleni na vitunguu vyake."

"Ni joto lake tu, shangazi," alijibu Yusta, binti wa marehemu. "Pumzi zimeshatoka nje."

"Na vitunguu?"

"Navyo vimetoka."

"Basi hapo umetusaidia."

Yusta alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki. Alikuwa injinia katika ofisi ya hewa ya jiji, na nyumba hii aliiziba kwa mikono yake miwili. Alipanda ngazi akajaza povu katika ule uwazi kati ya ukuta na paa ambao tangu utoto wake ulipitisha mwanga, upepo na wakati mwingine popo. Baba yake alikuwa chini ameshika ngazi.

"Unaiziba nyumba pua," alimwambia, "halafu unainunulia pua nyingine. Hivi ina faida kweli?"

Yusta aliahidi kumjibu kwa hesabu, misimu miwili ya baridi ikipita. Baridi mbili zilipita. Umeme wa kupasha nyumba moto ulishuka hadi robo ya ule wa mwanzo, na kikohozi cha mzee, kilichokuwa kikisikika mpaka kwa jirani, kikapungua. Moyo wake ulisimama kabla binti yake hajamwonyesha karatasi.

Jambo ambalo baba hakuuliza, na Yusta hakumweleza, ni namna Pafu lilivyogawa hewa. Kila chumba kilikuwa na kihisio kidogo kilichopima unyevu wa pumzi za watu. Penye watu wengi, Pafu lilifungua kilango cha hewa kwa upana. Pasipo na unyevu kwa nusu saa, lilihesabu kwamba hakuna mtu, likafunga, ili joto lisipotezwe kwa vitanda na viti. Kanuni hiyo aliiandika Yusta. Alipewa cheti kwa ajili yake.

Mama yake, Bi Rebeka, alikuwa chumba cha ndani, juu ya godoro lililotandikwa chini, kama ilivyo desturi. Mfiwa hukaa ndani. Wanawake huingia kwa zamu kumpa pole, na yeye haombi kitu. Baada ya chakula cha mchana walimwacha apumzike, wakafunga mlango asisumbuliwe na nyimbo za sebuleni. Siku tatu hakuwa amekula zaidi ya uji. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani, ameelekea ukutani, na pumzi zake zilikuwa ndogo.

Yusta aliona watu wa sebuleni wanapiga miayo, akaenda kwenye kioo cha Pafu awaongezee hewa. Kioo kilisomeka hivi: Sebule, watu 34. Jiko, watu 3. Chumba cha ndani, hakuna mtu. Kilango kimefungwa kwa saa 1 na dakika 40.

Alisoma mara ya pili.

"Shangazi, mama ametoka?"

"Atoke aende wapi? Mjane hatoki. Amelala."

"Kioo kinasema chumba hakina mtu."

"Kioo chako hakijui watu. Nilimwacha mwenyewe mle ndani. Alikuwa anatetemeka, maskini. Chumba baridi, na ninyi huku mnatoka jasho. Hasemi, unajua mfiwa haombi. Nikaenda kwa wapishi nikamletea jiko."

Misiba ilikuwa na kibali maalumu cha kupikia mkaa, nje, uani. Yusta alilijua hilo, kila mtu alilijua.

"Jiko la mkaa?"

"Lililokolea vizuri, Yusta, halina hata moshi. Chumba hicho hicho tumewekeana jiko miaka arobaini. Wewe mwenyewe ulizaliwa pembeni ya..."

Yusta hakuwapo tena kumsikiliza.

Mlango ulikuwa umezungushiwa mpira, kazi yake pia, na ulifunguka kwa shida. Hewa iliyomgonga usoni ilikuwa ya moto na kavu kama ya tanuri. Makaa yaliikausha, kihisio kikaona ukavu, na Pafu likawa na hakika zaidi kwamba chumba ni kitupu. Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu. Kwa miaka arobaini ilikuwa ikitokea pale juu, kati ya ukuta na paa, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kujua kwamba ufa ule ulikuwa unawalinda.

Alishika pembe mbili za godoro akaita. Wanaume wakaja, wakambeba Bi Rebeka na godoro lake mpaka uani, kwenye ukungu. Wapishi waliacha masufuria. Shangazi Naomi alipiga magoti akampepea kwa kanga, akiita, "Wifi. Wifi, nisikie mimi," na kutoka sebuleni wimbo uliendelea ubeti mmoja mzima kabla waimbaji hawajajua.

Gari la wagonjwa lilipokuwa likikata kona, Naomi alisema bila kumtazama, "Ni mimi."

"Tulikuwa wawili, shangazi," Yusta alijibu.

Bi Rebeka aliamka siku ya nne ya kulazwa hospitalini. Alimtambua binti yake, akauliza kuhusu kuku wake, akalalamikia chai ya hospitali. Daktari alimwita Yusta pembeni. Sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya, alisema, ilikosa hewa kwa muda mrefu. Ya zamani yamebaki yote. Ya mwezi ule yamefutika, na yanayokuja hayatakaa zaidi ya siku moja.

Mwezi wa nane, fomu ilimsubiri Yusta ofisini. Mtaa wa Ndulamo, nyumba mia sita, bado ulikuwa na nyufa zake, na jiji lilitaka kauli ya injinia: Je, mfumo una faida kwa kaya? Akaichukua kwenda nayo nyumbani. Jioni, kwenye meza ya sebuleni, aliandika ndiyo, kwa kuwa ndivyo takwimu zilivyosema. Watoto wenye vikohozi walikuwa wamepungua nusu, na wazee walikuwa wanaivuka baridi. Akaandika kwamba kilango cha chumba chochote kisifungwe kamwe, na kila chumba kiwekwe kihisio cha gesi ya mkaa, kitu kidogo kama kifungo cha koti, ambacho hakuna aliyekiagiza kwa sababu mkaa ulikuwa umekatazwa. Nafasi ya kuandika hasara aliiacha wazi.

"Yusta," mama yake aliita kutoka chumbani. "Nje baridi hivi, baba yako yuko wapi? Mbona haingii?"

Mwanzoni walimwambia amesafiri kwenda Njombe. Akawa anakaa mlangoni kumngoja mpaka alale pale pale. Shangazi Naomi, ambaye tangu msiba hakurudi tena nyumbani kwake, ndiye aliyekataa. "Msimdanganye," alisema. "Ana haki ya kulia."

Sasa Naomi aliweka chini ungo wa maharage, akajifunga kanga, akaingia kukaa mkekani kama siku ya msiba. Yusta akamfuata. Alishika mkono wa mama yake, akamwambia, kwa mara ya thelathini na moja.

Bi Rebeka alilia kama mtu aliyepewa habari sasa hivi, maana ndiyo kwanza alikuwa amepewa. Walimwacha alie. Alipotulia, alifuta uso kwa pembe ya blanketi.

"Walikuja watu kumzika?"

"Walikuja wengi, mama. Nyumba ilijaa."

"Vizuri." Akafikiri. "Na mimi nilikuwa wapi?"

Naomi ndiye aliyejibu, macho yake mkekani.

"Ulikuwa humu ndani, wifi. Tulikufungia mlango upumzike."