Balungi Ndani ya Taulo

Ndani ya taulo hakukuwa na chungu. Kulikuwa na balungi.

Inspekta Khuê alilizungusha mezani kwa ncha ya kalamu. Balungi zuri la msimu, limeiva, kikonyo bado kina jani moja bichi.

"Mwizi gani huyu anayeacha zawadi?" Sajenti Bửu aliuliza huku akilinusa. Alikaribia kustaafu, na njaa yake ilijulikana kituo kizima.

"Kielelezo hakiliwi, baba mdogo," Khuê alisema, akimwita hivyo kwa umri wake.

"Sijasema nile. Nimenusa tu."

Aliyeibiwa aliketi mbele yao, magoti pamoja, mkoba mapajani, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Jina lake Nhi. Alikuwa amekuja Huế peke yake kutoka Sài Gòn, kutembea siku moja tu.

"Usiogope, mdogo wangu," Khuê alisema. "Tueleze siku yako tangu asubuhi."

Nhi alitabasamu kwa haya. "Samahani, Inspekta. Ulizaliwa mwaka wa mnyama gani?"

"Farasi."

"Mimi Chui."

Khuê akahesabu kichwani. Chui, Paka, Joka, Nyoka, Farasi: kila mnyama mwaka mmoja, basi amemzidi minne. Akamtazama upya yule mwanamke mwenye uso wa mtoto wa chuo.

"Basi nisamehe, dada. Endelea."

"Kila mtu hukosea. Asubuhi nilikula tambi karibu na daraja, chungu nimekipakata. Kisha nikaenda Ngomeni. Nje ya lango nikakodi mavazi ya kifalme nipige picha. Halafu mashua mpaka hekaluni. Nilipofungua taulo chini ya mkuyu…"

"Chungu chenyewe kina thamani gani?"

"Sokoni, hakuna. Ni chungu cha chokaa ya tambuu, na hata chokaa haiingii tena."

Sajenti Bửu aliacha kunusa. "Mdomo umeziba wenyewe?"

"Umeziba, baba. Bibi yangu alitafuna tambuu maisha yake yote. Kila alipochota chokaa alikipangusa kijiti mdomoni mwa chungu, chokaa ikaganda juu ya chokaa, mpaka ukafunga."

"Huyo ni Bwana Chungu," Bửu alisema kwa sauti ya chini. "Hatupwi jalalani."

"Ndiyo. Hutundikwa mtini, kwenye mkuyu wa hekalu. Bibi alizaliwa hapa. Aliogopa kwamba akifa, chungu kitatupwa na takataka za ghorofani kwetu. Nikamwahidi akiwa kitandani. Treni yangu ni jioni hii. Kesho natakiwa kazini. Nikirudi bila kukitundika, sijui nitasimamaje mbele ya picha ya marehemu."

Khuê alifunga faili. Mtu ameiba kitu kisichouzika, na badala yake ameweka kitu kitamu. Hakukumbuka ni lini kesi ilimwasha hamu namna ile.

*

Mwenye mashua alikuwa akipiga deki.

"Yule binti? Alikiatamia kile kifurushi kama kuku. Nikamwambia, mwanangu, mashua haizami, kiweke chini. Hakusikia."

"Hakukiachia hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilidhani ana yai la joka."

Lilibaki duka la mavazi. Mke wa mwenye duka alikuwa akikunja joho la dhahabu.

"Namkumbuka. Nilimwita mdogo wangu, akacheka, akasema yeye wa Chui. Tukaongea sana, habari za bibi yake, za tambuu. Mtu mpole."

"Mkoba na kifurushi chake vilikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia, na mikoba mingine."

"Nani huingia nyuma ya pazia?"

"Mimi na mume wangu, Luyện. Lakini leo hajafika. Yuko nyumbani na mama yake, ni mgonjwa."

"Kuna mlango wa nyuma?"

"Upo. Haufungwi mchana."

Khuê alimgeukia Bửu. "Baba mdogo, kaa hapa na shemeji. Kunyweni chai. Simu isiguswe mpaka nirudi."

"Chai na nini?" Bửu aliuliza.

"Chai na subira."

*

Nyumba ya Luyện ilikuwa ng'ambo ya mfereji, yenye bustani mbele. Penye lango ulisimama mbalungi. Tawi moja la chini lilikuwa na kovu jeupe, bichi.

Mwanaume mwenye mvi za mapema alitoka akifuta mikono.

"Karibu, mdogo wangu. Kuna tatizo dukani?"

"Tatizo dogo." Khuê alimwonyesha picha kwenye simu: Nhi ndani ya joho la kifalme, anacheka. "Unamfahamu?"

"Hapana. Leo sijakanyaga dukani."

"Mke wako hajakupigia?"

"Hajapiga."

"Mteja huyu ameibiwa."

"Maskini. Mwambie dada mkubwa nampa pole sana."

Khuê alirudisha simu mfukoni polepole.

"Wewe wa mwaka gani, kaka Luyện?"

"Paka."

"Mimi nina sare na cheo, umeniita mdogo wako, na hukukosea. Huyu anafanana na mwanafunzi. Mke wako, mwenye mashua, hata mimi mwenyewe, wote tulimwona mdogo. Wewe umemwita dada mkubwa."

"Ni… ni heshima tu."

"Amekupita mwaka mmoja. Picha haisemi hivyo. Macho yako yangemwita mdogo. Masikio yako ndiyo yaliyomwita dada. Ulikuwa nyuma ya pazia."

Ndani ya nyumba sauti ya kizee ilikuwa ikiongea na mtu, kwa furaha.

"Mama yako ana mgeni?"

Luyện akaketi kizingitini.

"Nilichukua mimi," alisema. "Ingia uone."

*

Kikongwe aliketi kitandani, meno yaliyotiwa weusi kwa desturi ya kale yanang'aa, kinywa chekundu kwa tambuu. Alikuwa amekumbatia chungu cha udongo kilichoziba.

"Umerudi, Bwana Chungu," alikuwa akikiambia. "Walikuficha wapi?"

Pembeni palikuwa na bakuli la uji, tupu.

"Chungu cha mama yake mzazi kilipotea walipokimbia vita," Luyện alisema. "Sasa akili ya mama imerudi nyuma. Kila jioni anakitafuta chini ya kitanda, na hali chakula mpaka akione. Nimemletea vipya. Anatazama mdomo ulio wazi, anasema, huyu ni mtoto, siye Bwana. Mdomo uliofunga hauuzwi, Inspekta. Unataka maisha mazima ya mtu."

"Kwa nini hukumwomba?"

"Nilimsikia akisema anakwenda kukitundika mtini. Nikawaza, anakiacha kwenye mvua, na mama anakililia. Nilitaka kutoka nimwombe. Aibu ikanishika, mkono ukawahi."

"Na balungi?"

"Nilikuwa nampelekea mke wangu. Sikuweza kumwachia mwenzangu taulo tupu."

Khuê alimpigia Bửu simu, ampitie Nhi kituoni. Nhi alifika kwa teksi na Sajenti Bửu, mkoba tayari begani. Alisimama mlangoni, akasikiliza maelezo yote bila kukatiza. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

Kikongwe alimtazama. "Umemleta wewe?"

Nhi alishika ukingo wa chungu. Ulikuwa na unyevu wa chokaa mpya, iliyopakwa kwa kidole kitetemekacho. Akaachia.

"Ndiyo, bibi. Nimemleta."

Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. "Bwana Chungu hutundikwa nyumba ikikosa mtafunaji," alimwambia Luyện. "Hapa mtafunaji yupo. Siku atakapoacha, utakipeleka kwenye ule mkuyu mwenyewe. Utakitundika na jina la bibi yangu ukilitaja. Utaweza?"

Luyện aliinamisha kichwa mpaka mvi zikagusa mikono. "Nitaweza."

"Unafungua mashtaka?" Khuê aliuliza.

"Nimepatiwa kitu changu, Inspekta. Nimekitoa mwenyewe. Andika hivyo."

Khuê akaandika hivyo. Bửu alitoa balungi ndani ya mfuko wa vielelezo, akaanza kulimenya. Halikuwa tena kielelezo.

Luyện aliwasindikiza hadi langoni, chini ya tawi lenye kovu.

"Ahsante," alimwambia Nhi, na neno lililofuata likamkwama. Akamtupia Inspekta jicho.

"Sema tu," Khuê alisema. "Sasa mmekwisha kujuana."

"Ahsante, dada mkubwa."