Koti la Heledd

Mvua haikuwa imenyesha, lakini asubuhi ile koti la Heledd lilikuwa limelowa. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, pale pale lilipokuwa tangu mwenyewe azikwe, na maji yalidondoka kutoka pindoni hadi sakafu ya mawe. Mererid alilinusa. Mafuta ya manyoya ya kondoo, na sabuni ya dawa.

"Gethin, umelitoa koti hili?"

"Nilitoe niende nalo wapi?" mumewe alijibu, akaendelea kunywa chai.

Heledd alikuwa mke wa kwanza. Mererid alikuwa wa pili, na shambani pale hapakuwa na kitu alichoweza kukiita chake. Juu ya meko kulitundikwa kijiko cha mti ambacho Gethin alimchongea Heledd alipomposa, kama wanaume wa bonde lile walivyowafanyia wachumba wao. Mererid hakuchongewa. "Vidole vimeshakufa ganzi," Gethin alimwambia. Vidole hivyo hivyo vilitoa wanakondoo matumboni mwa mama zao bila kutetemeka.

Hata mlima haukuwa wake. Juu kule hapakuwa na ua. Kondoo walijua mpaka wao kwa kufundishwa na mama zao, na mama zao na bibi zao, na kila jike mzee alizaliwa mikononi mwa Heledd. Mererid akitokea, walikimbia. Mot, mbwa wa shamba, alikula kwenye kila mkono isipokuwa wake.

Ulikuwa msimu wa kuzaa. Jike mmoja alifiwa na mwanawe. Gethin alimchuna yule mfu, akamvika ngozi mwanakondoo yatima kama anayemvika mtoto fulana, miguu ikapita kwenye matundu yake. Jike alinusa, akaguna chini kwa chini, akasimama anyonywe.

"Mjinga kweli," Mererid akasema. "Haoni kwamba si wake?"

"Kondoo hatazami sura, bibie. Ananusa."

"Na ngozi ikioza?"

"Naikata mapema. Akishanyonya, harufu ya mama inamwingia mwilini. Hapo ukimvua ngozi, usimvue, ni mamoja. Ameshakuwa wake."

"Na wanaume je? Nao hunusa?"

Gethin alicheka. "Wanaume hunusa nyama ikiungua tu."

Mererid hakucheka. Kesho yake, akienda zizini, alilitwaa koti msumarini. Heledd alimzidi kimo kwa kichwa kizima, lakini lilimkaa sawasawa.

Kondoo hawakukimbia. Mot alikuja akalaza kidevu kwenye kiatu chake. Na Gethin, akitoka kwenye ukungu, alisimama langoni, uso ukamlegea kwa namna ambayo Mererid hakuwahi kuiona.

"Hel," aliita.

Kisha akajikohoza. "Samahani. Ni hilo koti."

Mwanamke mwingine angelichoma siku ile ile. Mererid alilivaa tena. Kutazamwa hivyo, alijiambia, kunatosha, hata kama ni kwa jina la mwenzake.

Kwanza ilikuwa mambo madogo. Alijikuta akiimba sauti ya pili ya nyimbo za kanisani, yeye ambaye kwao hakuna aliyeimba. Alijua jike gani angezaa vibaya kabla hajamgusa. Kisha harufu ya sabuni ya dawa ilianza kutoka kinywani mwake kila alipopumua, na mchana mmoja, akiwa peke yake ghalani, mlango umefungwa na upepo umetulia, alisikia mtu akipumua pamoja naye ndani ya koti, akivuta yeye anapovuta, akishusha yeye anaposhusha, mpaka alipoziba pumzi ili ahakikishe, na kifua cha koti kikaendelea kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, juu ya kifua chake kilichosimama.

Shangazi yake Gethin, Tegwen, alikuwa akiwaagua watu na mifugo tangu ujana wake. Alikuja na mkate wa zabibu. Mererid aliukata.

"Tangu lini unakata kwa mkono wa kushoto?" Tegwen akauliza.

Mererid aliutazama mkono. "Shangazi," alinong'ona, "vifungo havifunguki. Nalala nalo. Gethin ananiona, hasemi kitu. Amefurahi."

"Punguza sauti. Anasikia."

"Gethin?"

"Gethin yuko mlimani, mwanangu."

Walishuka kijitoni. Tegwen alimmwagia chumvi na maji baridi, kisha akashika mkasi wa kukatia manyoya. Mot alibweka na kujaribu kumng'ata mkono.

"Heledd, toka. Nyumba hii ina wenyewe sasa."

Kinywa cha Mererid kilifunguka. Sauti haikuwa yake.

"Mimi sikuja kwake, shangazi. Yeye ndiye aliyeingia kwangu."

Tegwen alikata kutoka shingoni hadi pindoni. Koti lilianguka. Walilichoma pale pale ukingoni, na moshi wake ulilala chini, ukafuata maji.

Gethin aliporudi, alimkuta mkewe kwenye kiti cha mekoni, amevaa sweta yake ya kijani, nywele zikiwa mbichi bado. Tegwen alikuwa amemweleza njiani. Hakutazama msumari mtupu. Alitia mkono mfukoni.

"Nilianza kukichonga kabla ya baridi," alisema. "Niliona aibu kukutolea. Vidole kweli havifai tena."

Kilikuwa kijiko cha mti, mpini umepinda kidogo, moyo mmoja juu yake. Mererid alilia. Kilikuwa cha kwake.

"Kitundike," Gethin akasema. "Kile kingine nitakishusha mimi." Akatoka kutafuta nyundo.

Mererid alisimama mbele ya meko na kijiko mkononi. Mot aliingia, akamzunguka, akamnusa vidole vilivyooshwa kwa chumvi. Mererid alingoja mbwa aukatae mkono wake kama zamani. Mot alilamba vidole, akalaza kidevu kwenye mguu wake mtupu.

Akakumbuka yatima aliyekwisha kunyonya.

Alitaka kumwita Gethin. Kifua kikapanda na kushuka, lakini pumzi haikuwa yake. Mkono wa kushoto ulinyooka bila haraka, ukakiweka kijiko kipya katikati ya makaa, ukakisukuma mpaka kikashika moto.

Mot akatikisa mkia.