Kitunguu Saumu cha Bwana Baadaye

Ndugu wasomaji, bustani ile ilikuwa fahari ya mtaa. Mama mmoja, fundi cherehani, aliilima nyuma ya nyumba yake, akaikinga na wadudu kwa dawa ya kujitengenezea: kitunguu saumu na pilipili, maji na sabuni kidogo. Alinyunyiza jioni, hadi chini ya majani wanakojificha vidukari. Mboga zake zilinuka saumu, na majirani walichuma bila hofu.

Siku moja akasafiri kumtunza dada yake aliyejifungua.

"Mume wangu, mvua ikinyesha dawa huoshwa. Rudia."

"Usijali, nitatwanga baadaye."

Kila kitu kwa mume huyu kilikuwa baadaye, ndiyo maana mtaani aliitwa Bwana Baadaye. Mvua ikanyesha, yeye yuko kwenye karata. Vidukari wakajaa. Mkewe alipopiga simu kwamba anarudi, jamaa akababaika, akanunua sumu kali ya mashambani, akaitia saumu ili mtu asijue, akanyunyiza. Uvivu nao una akili zake!

Alikuwa karatani tena wakati mama mkwe wake, aliyeishi nao, alipopita bustanini. Alinusa saumu, akaridhika, akachuma, akapika, akala. Majirani walimfikisha hospitali akitapika na kutokwa jasho.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Mboga za bustanini," alijibu Bwana Baadaye, aliyeitwa kutoka karatani.

"Zilipuliziwa nini?"

Majirani wote walikuwa wanasikiliza. "Saumu tu, daktari."

Basi daktari akatafuta ugonjwa mwingine, na mama akazidi kuishiwa pumzi. Hapo ndipo mkewe alipoingia, begi bado begani.

"Saumu haimfanyi mtu hivi. Sema, mume wangu. Huyu ni mama yangu."

Alisema. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alisema, mbele ya watu wote waliowahi kuchuma kwake.

Daktari alipojua ni sumu gani, akaitibu, na mama mkwe akapona. Mboga ziling'olewa zikafukiwa, na siku hizi Bwana Baadaye hutwanga saumu mwenyewe, kwa wakati. Hata hivyo, sahani ikiwekwa mezani, mama huinama kwa binti yake na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, hizi umezipulizia wewe?"

Mkwe husikia. Huendelea kutafuna, macho chini.

FUNZO

Dawa ya nyumbani haidhuru mlaji, ila hutaka mkono usiochoka. Ukitumia sumu, sema kabla hujaulizwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu nusura kifo kimuumbue kwa roho ya mwingine.